Tuishou bila mwalimu wa karibu: anzeni na karatasi

Nilifanya tai chi, ile sanaa ya mapigano ya Kichina yenye mienendo ya polepole, peke yangu miaka minne kabla sijamgusa mtu. Ule mfululizo wa mienendo 24, uliotungwa China mwaka 1956 na ambao wengi wetu huanzia hapo, nilikuwa naujua hata nikiwa na usingizi. Siku moja nikamwomba shemeji yangu aweke kiganja kifuani pangu anisukume polepole, nione nitampokea vipi. Akaegemea kidogo tu. Nikarudi nyuma hatua mbili, kisha nikasimama pale nikimwangalia.

Kumbe upande wa pili wa tai chi sikuwa nimeugusa kabisa. Upande huo ni tuishou, kusukumana mikono kwa watu wawili, na ndiko unakojua kama ule ulaini uliojifunza peke yako upo kweli au unaonekana tu. Mwalimu karibu nasi hakuwepo. Tumeshafika mwaka wa sita sasa, mimi na shemeji, na mwalimu tunamwona kwa siku chache tu tunapoweza kusafiri. Kama nawe uko katika hali hiyo, usikate tamaa, ila chagua vizuri unachoanza nacho.

Anza kwa kutafuta mtu. Si lazima awe anajua tai chi. Shemeji hakuwa anajua hata mwendo mmoja. Lakini awe mtu atakayekuja kila wiki, na anayeweza kusukumwa bila kutaka kulipiza. Nilishajaribu na rafiki mwenye nguvu na moyo mzuri, ila kila nilipompitisha kando alirudi na msukumo mkubwa zaidi. Baada ya dakika tano tulikuwa tunashindana mieleka, na hakuna kati yetu aliyejifunza kitu. Zheng Manqing, mwalimu wa tai chi aliyefundisha New York kuanzia miaka ya 1960, aliwahimiza wanafunzi wake wakubali kushindwa, wakuchukulie kushindwa huko kama mtaji. Bila mwalimu wa kuwaamua, shauri hilo mnalihitaji mara mbili.

Sasa karatasi. Simameni mkitazamana, kila mmoja ametanguliza mguu wa kulia, migongo ya vifundo vya mikono yenu ya kulia ikigusana. Kati ya vifundo wekeni kipande cha karatasi. Mmoja anageuza kiganja kuelekea kifua cha mwenzake na kuusogeza uzito mguu wa mbele. Mwingine anaurudisha uzito mguu wa nyuma, anageuza kiuno, na msukumo unapita kando ya kifua chake. Ukishapita, sasa ni zamu yake kusukuma. Mzunguko unaendelea hivyo, bapa kama meza, bila kusimama.

Karatasi ikidondoka, mmoja amekimbia. Ikikunjamana, mmoja amepambana. Wachina wana maneno yake, *bu diu, bu ding*: usiachie, usigongane. Sisi tulikaa kwenye karatasi miezi mitatu na sijutii hata siku moja.

Nakumbuka jioni moja karatasi ilikuwa imelowa jasho na mimi nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni kwamba haijadondoka. Shemeji akasema, "Shemeji, bega lako limepanda tena." Alikuwa amefumba macho. Nikamuuliza amejuaje. "Mkono wako umekuwa mgumu kama mpini, halafu ugumu unaanzia juu, si hapa," akasema, huku akinibonyeza kifundo. Nikalishusha bega, nikatoa pumzi, na mara nikausikia uzito wake ukinishukia mpaka kwenye kisigino cha nyuma. Huko kusikiliza kwa ngozi, *ting jin*, nilikuwa nimekusoma mara nyingi bila kukuelewa, na aliyekuwa wa kwanza kukupata ni mtu ambaye hakuwa amesoma chochote.

Kwa hiyo jiwekeeni kanuni ya kusemezana. Anayesukumwa ndiye mwenye habari, maana ndiye anayehisi msukumo umetoka wapi: begani, kiwikoni, au chini miguuni. Aseme palepale, kwa maneno ya kawaida. Sisi tunasimama kila baada ya dakika chache na kila mtu anasema jambo moja tu.

Video zinasaidia, lakini zijue mipaka yake. Kamera inaonyesha umbo la mkono. Haionyeshi uzito uliomo ndani yake. Tulipoingia kwenye mzunguko wa mikono miwili, wenye *peng* (kupokea), *lü* (kuvuta kando), *ji* (kubana mbele) na *an* (kusukuma au kushusha kwa viganja), tuliunakili vizuri sana. Mmoja anasukuma kwa viganja. Mwingine anampokea kwa mkono uliojaa kama mpira wenye upepo, anageuza kiuno na kumvuta kando. Aliyevutwa anakunja mkono na kuubana mbele. Yule wa kwanza kupokea anaushusha kwa viganja, na zamu inabadilika. Tulikuwa tunapendeza kwa macho. Kisha tukaenda kwa mwalimu, akanishika vigasha vyote viwili na kuniambia nimsukume. Sikupata pa kusukuma. Kila nilipoweka nguvu, palikuwa patupu. Kosa langu alilionyesha kwa kugusa nyonga yangu: mikono ilikuwa inazunguka, kiuno kimelala. Uzito wangu ulikuwa umegawanyika miguu yote miwili, sina mguu mtupu, usiobeba uzito, wa kugeukia. Maandishi ya kale yanayonasibishwa na Wang Zongyue, mwalimu wa tai chi wa zamani, yanalitaja kosa hili, uzito wa pande mbili, kuwa ndilo linalomfanya mtu afanye mazoezi miaka mingi na bado ashindwe kuugeuza msukumo wa mwenzake.

Ningelijua mapema, ningeweka simu pembeni na kujirekodi kwa ubavu. Ukijitazama kwa ubavu utaona mambo mawili ambayo mwenzako anaweza asiyahisi: mgongo unaoinama mbele unaposukuma, na makalio yanayochomoza unaporudi nyuma. Ukimpata mwalimu, hata kwa siku mbili, usimwombe mienendo mipya. Mwombe akuguse, na umruhusu mwenzako ahisi mkono wake pia, ili mrudi nyumbani wawili mnaokumbuka.

Magoti yalindeni kuliko kitu chochote. Goti lielekee zinakoelekea vidole vya mguu, lisiangukie ndani kiuno kinapogeuka. Mimi nililipuuza hilo nikapumzika wiki tano. Mbinu za kukunja viungo na ule mlipuko wa nguvu wa ghafla, *fajin*, viacheni mpaka awepo anayejua. Msifanye karibu na ukuta wala ngazi.

Hatua za kutembea msizikimbilie. Kwanza mkono mmoja, pande zote mbili, na wa kushoto upewe muda zaidi kwa sababu utawasumbua. Kisha mikono miwili mkiwa mmesimama. Sisi bado tunarudi kwenye karatasi mwanzo wa kila mazoezi, dakika 10 hivi, kabla ya lolote. Juma lililopita tuliizungusha wote tukiwa tumefumba macho, na nilipoyafumbua shemeji alikuwa ameishika kwa mkono wake wa pili. Ilikuwa imeshadondoka, na mikono yetu ilikuwa bado inazunguka pamoja.