Alizeti na zinia kunyauka mapema

Dada, umesema maua yako ya alizeti na zinia hunyauka siku mbili tu baada ya mteja kuyanunua, nawe unashuku mbegu. Mimi ningeanza na saa ya kukata, kisha ndoo. Kata asubuhi na mapema, jua halijawa kali, shina likiwa bado limejaa maji, ulitie majini papo hapo. Ndoo ioshwe kwa sabuni kila mara, kama chombo cha maziwa: bakteria huziba mirija ya shina, ua likafa kwa kiu lingali majini. Majani yatakayozama yaondoe yote. Kisha yaache maua kivulini, penye ubaridi, saa kadhaa kabla ya kuuza, mbali na matunda yanayoiva, maana hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua.

Alizeti ikate petali zinapoanza tu kuinuka. Zinia sivyo, ikikatwa changa haifunguki tena. Shika shina la zinia sentimita 20 hivi chini ya ua, ulitikise taratibu, likilegea, ngoja.

Na tafadhali usipande mbegu zote siku moja. Panda kidogo kila baada ya wiki mbili, mteja wako asikukose katikati ya msimu.