Anwani ya MAC kwa makro ya Excel: unasoma kadi ipi?

SWALI: Mimi ni mhasibu wa kampuni ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Tuna kompyuta 11 hapa na laptopu 6 kwenye ofisi yetu ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Bosi anataka daftari la Excel lenye anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ya kila mashine, kisha anwani hizo ziingizwe kwenye ruta ya hapa ili mashine ya mgeni isipate mtandao. Nilipewa makro (programu fupi inayoendeshwa ndani ya Excel) inayosoma Win32_NetworkAdapterConfiguration, orodha ya Windows ya kadi za mtandao, kwa sharti la IPEnabled = True. Mashine nyingine inaleta anwani mbili, nyingine haileti kitu, na laptopu moja imeleta anwani moja asubuhi na nyingine jioni. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea, ndugu mhasibu. Makro yako inafanya inachoambiwa, ila inaambiwa kitu kisicho sahihi. IPEnabled huchagua kadi zilizo hewani dakika ile unapobofya. Ukichomoa waya na Wi-Fi ikiwa imezimwa, makro inarudi mikono mitupu. Waya na Wi-Fi vikiwa vinafanya kazi pamoja, unapata anwani mbili. Mashine yenye VirtualBox au VMware (programu za kuiga kompyuta nyingine) huongeza na kadi za kubuni ambazo hazina hata kipande cha chuma. Hiyo laptopu ya asubuhi na jioni ina sababu mbili za kushuku: jioni ilikuwa inachukua bando kwenye simu kwa waya wa USB, au Windows yake inabuni anwani mpya za Wi-Fi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza anwani ni ipi, amua unataka ya kadi ipi. Kwa daftari, unataka kadi zilizofungwa ndani ya mashine, na anwani zilizopewa kiwandani, hata kama leo hazijaunganishwa popote. Kuanzia Windows 8 habari hiyo inapatikana kwenye MSFT_NetAdapter, sehemu inayoitwa PermanentAddress.

Fungua kitabu kipya cha Excel, shiti ya kwanza uiite Daftari, na mstari wa kwanza uandike vichwa: Mashine, Muunganisho, Kadi, Anwani, Tarehe. Bonyeza Alt+F11 (laptopu nyingine hudai na Fn), chagua Insert kisha Module, ubandike hii:

Sub AndikaAnwani()
    Dim wmi As Object, kadi As Object
    Dim sh As Worksheet, r As Long, njia As String
    Set sh = ThisWorkbook.Worksheets("Daftari")
    Set wmi = GetObject("winmgmts:\\.\root\StandardCimv2")
    r = sh.Cells(sh.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row + 1
    For Each kadi In wmi.ExecQuery("SELECT * FROM MSFT_NetAdapter")
        njia = UCase(Left(kadi.PnPDeviceID & "", 3))
        If njia = "PCI" Or njia = "USB" Or njia = "SD\" Then
            If InStr(kadi.InterfaceDescription & "", "NDIS") = 0 _
               And Len(kadi.PermanentAddress & "") = 12 Then
                sh.Cells(r, 1).Value = Environ("COMPUTERNAME")
                sh.Cells(r, 2).Value = kadi.Name
                sh.Cells(r, 3).Value = kadi.InterfaceDescription
                sh.Cells(r, 4).Value = WekaVistari(kadi.PermanentAddress & "")
                sh.Cells(r, 5).Value = Date
                r = r + 1
            End If
        End If
    Next kadi
End Sub

Function WekaVistari(ByVal a As String) As String
    Dim i As Integer, s As String
    For i = 1 To 11 Step 2
        s = s & Mid(a, i, 2) & "-"
    Next i
    WekaVistari = Left(s, 17)
End Function

Hifadhi kama Excel Macro-Enabled Workbook, yaani .xlsm. Ukihifadhi kama .xlsx na kukubali onyo, makro inatupwa. Kuiendesha ni Alt+F8, na haihitaji nywila ya msimamizi wa mashine.

Mstari wa njia ndio unaochuja. PnPDeviceID inaeleza kadi imechomekwa wapi: kadi nyingi za ndani huanza na PCI, za nje USB, na laptopu ndogo za bei nafuu wakati mwingine huwa na Wi-Fi iliyopitia SD. Kadi za VirtualBox na VMware huanza na ROOT, Bluetooth huanza na BTH, kwa hiyo zote zinabaki nje. Simu iliyochomekwa kwa USB nayo huanza na USB, ndiyo maana kuna kichujio cha pili: simu nyingi za Android Windows huziita kwa jina lenye neno NDIS, na anwani hiyo ni ya simu, si ya laptopu.

Laptopu ya kawaida itakupa mistari miwili, Ethernet na Wi-Fi. Usifute mmoja. Ni kadi mbili, na ruta itaiona ile inayotumika siku hiyo.

Angalia pia vile vichomeo vya USB vya waya wa mtandao, vinavyotumika na laptopu nyembamba zisizo na tundu la waya. Anwani iko ndani ya kichomeo. Watu watatu wakiazimana kimoja, daftari litaonyesha mashine tatu zenye anwani ileile, na ruta itazihesabu kama mashine moja. Ukiona anwani imejirudia kwenye safu ya nne, anza kutafuta huko.

Vistari si mapambo. PermanentAddress inakuja kama herufi na tarakimu 12 zilizobanana, na Excel ina kiherehere cha kugeuza kila inachodhani ni namba. Anwani kama 0021856472E1 ikiingia hivyo, Excel huisoma E kama alama ya kipeo, seli inaonyesha 2.19E+08, na sifuri za mbele zimekwenda na maji. Hata ukibadili umbo la seli baadaye hazirudi. Ruta yako ikidai anwani bila vistari, ziondoe wakati wa kuingiza kwenye ruta, usiziondoe kwenye shiti.

Sasa ile ya kubuni anwani. Kwenye Windows 10 na 11, fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, utafute Random hardware addresses. Ikiwa On, ruta inaona anwani ya bandia wakati daftari lako lina ya kiwandani, na mwenye mashine atalalamika amefungiwa. Izime kwenye mashine zote za ofisi kabla ya kuwasha kichujio cha ruta. Kuitambua anwani ya bandia kwenye orodha ya ruta ni rahisi: tazama herufi ya pili kutoka kushoto. Ikiwa 2, 6, A au E, kwa kawaida haikutoka kiwandani. Simu za kisasa nazo zina mtindo huo, basi usishangae orodha ikijaa wageni usiowajua.

Kuhusu laptopu za Nansio, mpango wa bosi una tundu. Anwani ya MAC haivuki maji. Inaishia kwenye ruta ya kwanza inayokutana nayo. Kutoka hapo kwenda mbele kinachosafiri ni anwani ya IP. Ruta ya Mwaloni haitaziona kamwe anwani za mashine zilizoko Ukerewe, hata kama ofisi hizo mbili zinawasiliana kwa intaneti siku nzima. Anwani za zile 6 ziingize kwenye ruta ya Nansio. Za hapa ziwekwe hapa, na kama kuna laptopu inayopanda meli kila wiki na mtu wake, hiyo iingie kote kuwili.

Utakapopeleka faili Nansio, njia utakayotumia ina maana. Faili ikishuka kutoka kwenye barua pepe au WhatsApp, Windows huipiga chapa kwamba imetoka mtandaoni, na tangu 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro za faili za namna hiyo: unaona mstari mwekundu juu, bila kitufe cha kuruhusu. Funga faili, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua Properties, weka alama kwenye Unblock, kisha OK. Au ipeleke kwa fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32 au exFAT, ambayo haiwezi kubeba chapa hiyo. Ile ya NTFS huibeba. Kwa ofisi yenu, fleshi na abiria wa meli vitawasumbua kidogo kuliko kumwelekeza mtu kwa simu.

Kosa namba 9 likitokea, shiti haiitwi Daftari, au kuna nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina. Isipoandika chochote, huenda kadi imezimwa kabisa kwenye Network Connections. Iwashe uendeshe tena. Mashine yenye Windows 7 itakataa kwenye mstari wa GetObject. Kwa hiyo badili root\StandardCimv2 iwe root\cimv2, MSFT_NetAdapter iwe Win32_NetworkAdapter, PermanentAddress iwe MACAddress, InterfaceDescription iwe Description, na kadi.Name iwe kadi.NetConnectionID. MACAddress tayari ina nukta mbili katikati, hivyo urefu wa kulinganisha uwe 17 na WekaVistari isiitwe. Excel ya kompyuta za Apple (Mac) haina WMI kabisa, yaani njia ya Windows ya kuulizia habari za mashine ambayo makro hii inaitegemea. Hapo nakili kwa mkono kutoka kwenye mipangilio ya mtandao.

Na mgeni anayejua kazi hatazuiwa na orodha hii. Anwani za MAC hupita hewani bila kufichwa hata kwenye Wi-Fi yenye nywila, na kadi nyingi hukubali kubadilishiwa anwani kwenye mipangilio yake. Nywila nzuri ya Wi-Fi yenye ulinzi wa WPA2 au WPA3, inayobadilishwa mfanyakazi anapoondoka, ndiyo mlango. Orodha ni daftari la mlinzi getini. Kama bosi anataka pia kuthibitisha mashine ni ileile wakati wa kuhesabu mali, ongeza safu ya SerialNumber kutoka Win32_BIOS, iliyoko root\cimv2. Kompyuta za kuunganishwa mtaani mara nyingi zitajibu "Default string" au "To be filled by O.E.M.", hizo zibandikie lebo yenye namba ya kampuni.