Je, kunyooshwa uti wa mgongo hutuliza dalili za kabla ya hedhi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Kila mwezi, siku saba au nane kabla ya hedhi, kiuno huniuma, matiti hujaa, tumbo huvimba, na hasira hunipanda hata nikawagombeza wanangu kwa jambo dogo, kisha nikajifungia chumbani na kulia. Hedhi ikianza, siku ya pili yote huondoka. Mwalimu mwenzangu alinipeleka kwa mtaalamu wa kairopraktiki (tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono) jijini Dar es Salaam, ambaye aliunyoosha mgongo wangu hadi ukaalika, nikatoka mwepesi. Sasa anataka nilipie vikao 24 kwa mkupuo, kwa maelezo kwamba pingili za kiuno zimebana mishipa ya fahamu iendayo kwenye ovari na kuzivuruga homoni. Fedha hizo zinakaribia mshahara wangu wa mwezi. Je, maelezo hayo ni ya kweli? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kwanza uondoe hofu kwamba una tabia mbaya au kwamba wewe ni mama mkali. Dalili zinazoanza baada ya yai kupevuka na kukoma mara hedhi ianzapo zinatambulika kitabibu, na wala hazitokani na homoni zilizovurugika. Wanawake wengi wenye shida hii wana viwango vya homoni vya kawaida kabisa. Tofauti ni jinsi ubongo wao unavyoitikia kupanda na kushuka kwa homoni hizo, hasa projesteroni, na jinsi hali hiyo inavyogusa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na utulivu wa hisia. Ovari nazo hupokea amri kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, na amri hizo husafiri kwa njia ya damu. Kwa hiyo maelezo ya pingili kubana mishipa na kuvuruga homoni hayana msingi.

Hata hivyo, wepesi ulioupata siukanushi. Kiuno kilichokaza hulegea kinapokandwa au kunyooshwa, na bibi zetu waliokuwa wakichuliwa kwa mafuta ya nazi walilijua hilo. Swali ni kama kairopraktiki inaongeza kitu zaidi ya hapo. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusu wanawake 25 wenye dalili kama zako, ambao walipata tiba halisi kwa miezi kadhaa na tiba ya kuigiza kwa miezi mingine. Dalili zilipungua walipopata tiba halisi. Lakini wale walioanza na ya kuigiza nao walipata nafuu, na walipohamishiwa kwenye tiba halisi nafuu hiyo haikuongezeka. Kundi lilikuwa dogo, nami nisingethubutu kumshauri mwalimu atoe mshahara wa mwezi kwa ushahidi wa namna hiyo.

Ukipenda kwenda tena kwa ajili ya kiuno pekee, lipia kikao kimoja kimoja, tena usikubali shingo yako izungushwe kwa nguvu, kwa sababu ni mara chache, lakini hutokea, mshipa wa damu wa shingoni ukachanika na kuleta kiharusi. Ukihisi ganzi au udhaifu miguuni, ukiwa mjamzito au una ugonjwa wa mifupa, muone daktari kabla hujaguswa mgongo.

Fedha yako ningependa uielekeze kwingine. Katika jaribio la mwaka 1998 lililowahusisha wanawake zaidi ya 460 nchini Marekani, waliotumia miligramu 1,200 za kalisi (madini ya kalsiamu) kila siku walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, na tofauti ilionekana wazi katika mzunguko wa tatu wa hedhi. Maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao na uji wa ulezi vina kalisi ya kutosha kuanzia nayo. Kabla ya kununua vidonge, muulize mfamasia, hasa kama umewahi kuugua mawe kwenye figo. Kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku na kulala mapema katika wiki ile ngumu pia husaidia wengi.

Chukua daftari na uandike kila jioni, kwa mizunguko miwili mfululizo, dalili ulizopata na ukali wake, pamoja na siku ambazo hedhi ilianza na kuisha, kisha ulipeleke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Daftari hilo litamwezesha kutofautisha hali hii na sonona ya mwezi mzima, au na maumivu yanayozidi wakati wa hedhi yenyewe, ambayo huweza kutokana na uvimbe kwenye kizazi. Iwapo hasira na kilio ndivyo vinavyokuumiza zaidi, zipo dawa za kuongeza utendaji wa serotonini, ambazo baadhi ya wanawake huzimeza katika wiki mbili za mwisho za mzunguko tu, na vipo vidonge vya uzazi wa mpango vinavyotuliza mabadiliko ya homoni. Ikiwa katika siku hizo utapata wazo la kujidhuru, usisubiri daftari lijae: mweleze mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo na mwende pamoja hospitalini.