Usiandike hesabu ileile mara mbili

Juzi kijana wa Katuba, komini ya hapa Lubumbashi, ameniandikia: "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa), mteja anataka programu kwenye kompyuta ya duka, na bosi aione kwa simu akiwa safarini. Niandike mbili?" Moyo uliniuma, maana hapo ndipo nilipoanguka.

Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa mama mwenye famasi, komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Nikamwandikia programu ya wavuti, ya kuonwa kwa simu, kwa lugha ya JavaScript, na ya kompyuta kwa lugha nyingine, C#, peke yangu, usiku, umeme ukikatika na kurudi. Nilijiona fundi! Dawa zilipangiwa bei kwa dola, wateja wakilipa faranga. Siku moja mama akataka kila bei ya faranga ipandishwe hadi mia kamili inayofuata. Nikabadilisha kwenye wavuti, kwenye kompyuta nikasahau. Wiki tatu hesabu za mama na za kaunta hazikukutana, na binti wa kaunta akaitwa mwizi. Salio langu sikulipwa, lakini jina la yule binti linaniuma zaidi.

Sasa ninaandika msimbo mmoja kwa TypeScript, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript. Hesabu ya bei inakaa peke yake, haijui skrini wala hifadhi. Kwenye wavuti data inatoka kwenye seva. Kwenye kompyuta inaingia kwanza SQLite, hifadhidata ndogo ya mlemle ndani, mtandao ukirudi inapanda kwenye seva. Hifadhi zote mbili zinafikiwa kwa mlango mmoja wa msimbo.

Kwa upande wa kompyuta nilianza na Electron, zana ya kugeuza msimbo wa wavuti kuwa programu ya kompyuta. Ni imara, lakini kila programu inabeba kivinjari chake kizima, Chromium, pamoja na Node.js ya kuendesha JavaScript, na hapa kwetu mega zinanunuliwa kwa jasho. Nikahamia Tauri, zana ya kazi hiyohiyo, inayotumia injini ya kuonyesha kurasa iliyomo tayari kwenye mfumo: WebView2 kwenye Windows, WebKit kwenye Mac. Injini hizo hazifanani, kwa hiyo jaribu kote kuwili, hasa sehemu za kujaza tarehe. Na kwa Windows 10 ya zamani, ambayo huenda haina WebView2, beba kisakinishi chake kwenye flashi kabla ya kutoka nyumbani.

Wiki iliyopita depo moja ya Kamalondo, komini nyingine ya hapa, ilibadilisha kiwango cha dola. Nikagusa faili moja tu. Simu na kaunta zikasema bei ileile, nami nikatembea kifua mbele.

Wadogo zangu, acheni kujisifu kwa wingi wa msimbo. Nyuma ya kaunta amekaa mtoto wa watu, na kosa lako litamwangukia yeye kwanza. Wewe wa Katuba, kabla ya kuchora hata kitufe kimoja, iandike hesabu ya faranga, kisha kaa na muuzaji mwenyewe muipitie kwa risiti zake za jana.