Maswali ya Wasomaji: Shingo Nyeusi Si Uchafu

Barua za toleo hili zimetoka Kisumu, Njoro na Kakamega, na zote zinauliza, kila moja kwa namna yake, kama vitu vya asili vinatosha kuikinga ngozi na mwili. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa, kwa sababu jambo analouliza mwandishi wake linawahusu watu wengi ambao hawajui kwamba linawahusu.

Swali: Kwako mshauri. Mimi ni mama wa miaka 38 na nina duka dogo la nguo hapa Kondele, Kisumu. Kwa muda sasa ngozi ya shingo yangu, hasa upande wa nyuma, imekuwa nyeusi na nene, ukiigusa ni kama mahameli, na hata niisugue vipi haitakati. Sasa makwapa nayo yameanza. Navaa skafu hata wakati wa joto kali kwa sababu ya haya mbele ya wateja. Rafiki yangu ananishauri nijipake ndimu iliyochanganywa na magadi, na muuza vipodozi mmoja ameniahidi krimu ya mitishamba isiyo na kemikali yoyote. Mimi sipendi kemikali. Je, nianze na ipi?

Jibu: Dada yangu, usianze na yoyote kati ya hizo mbili. Shingo unayoieleza si chafu, na ndiyo maana sabuni na dodoki havijaifaa kitu. Mara nyingi hali hiyo ni dalili kwamba mwili umeanza kuikaidi insulini, ile homoni inayotoka katika kongosho ili sukari iliyo katika damu ipate kuingia ndani ya seli. Sukari isipoingia ipasavyo, kongosho huongeza insulini, na insulini ikizidi katika damu huchochea seli za ngozi zizaane upesi kuliko kawaida, hasa penye mikunjo kama shingoni, makwapani na kwenye kinena. Madaktari huiita akanthosisi nigrikansi. Haiambukizi wala haiumi, lakini inaweza kutangulia kisukari cha aina ya pili kwa muda mrefu, na kwa mtu anayetaka kujikinga badala ya kujitibu, hiyo ni taarifa ya thamani kubwa aliyoipata bila malipo.

Basi hatua ya kwanza ni kipimo. Nenda katika kituo cha afya asubuhi, ukiwa hujala tangu usiku, upimwe sukari. Ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na ikarudi hivyo katika kipimo cha pili, hicho ni kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, bado hujafika huko na una nafasi ya kurudi nyuma. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu iliyopita, kitakueleza zaidi ukikipata. Waombe wakupime na shinikizo la damu, na usione haya kumweleza mhudumu kama hedhi yako hurukaruka au kama umeota ndevu kidevuni, kwa maana matatizo ya homoni za ovari huandamana mara kwa mara na ngozi ya namna hii. Nitaongeza tahadhari moja: mtu ambaye weusi huu umemtokea ghafla, ukaenea upesi huku akikonda bila sababu, asingoje hata kidogo, kwa kuwa mara chache huwa ni ishara ya saratani iliyo ndani ya mwili.

Sasa tuje kwenye tiba ya asili uliyoiomba, kwa sababu ipo, ingawa haipakwi. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Mwenye kilo 85, kwa mfano, analenga kupunguza takriban kilo sita, si thelathini. Kwa sahani ya Kisumu, mimi ningeanza na ugali, ambao sisi huupa nusu nzima ya sahani au zaidi. Upunguze uwe robo, na nafasi iliyobaki uijaze mboga za majani kama osuga, dek, kunde au mrenda, kisha omena au samaki kando. Chai ya sukari vijiko vitatu, soda za dukani na mandazi ya saa nne ndivyo vinavyoharibu hesabu zaidi kuliko chakula cha mezani. Uzito na insulini vikishuka, shingo nayo huanza kufifia weusi wake, polepole, kwa miezi.

Ndimu usiipake. Maji yake yana viambato ambavyo vikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi kuliko yale uliyotaka kuyaondoa, na jua la Kisumu, karibu kabisa na ikweta, halihitaji msaada. Magadi, yale yale tunayolainishia mrenda, huvunja asidi ndogo ambayo ngozi hujilinda nayo, ikabaki kavu na yenye kuwasha. Na kusugua kwa nguvu huifanya izidi kuwa nene. Kuhusu krimu isiyo na kemikali, hakuna kitu kama hicho, kwa sababu hata maji ni kemikali, na zebaki, ambayo imekutwa mara nyingi katika krimu za kuchubua, huchimbwa ardhini kama madini mengine ya asili. Zebaki hupenya ngozini ikaharibu figo, na huweza kumfikia hata mtoto anayelala kitanda kimoja na mama yake. Nchini Kenya vipodozi vyenye zebaki au hidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, vimepigwa marufuku, lakini mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua, haukosi mnunuzi. Kopo lisiloorodhesha viungo vyake, au linaloahidi weupe kwa wiki mbili, liache hapo hapo mezani pa muuzaji. Ukitaka kitu cha kulainisha shingo wakati unashughulikia sukari, mafuta ya kawaida yasiyo na manukato au siagi ya shea iliyo safi itatosha.

Swali: Mimi ni mkulima wa Njoro, Nakuru. Binti yangu wa miaka saba ana ualbino. Mafuta ya kujikinga na jua ni ghali, na jirani amenihakikishia kwamba mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karoti hufanya kazi ile ile. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, mzazi mwenzangu, na katika hili sitapunguza makali ya jibu. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi lakini kinga yake dhidi ya mionzi ni ndogo mno, na rangi ya karoti haiongezi chochote cha kutegemewa. Binti yako hana melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kuzuia mionzi hiyo, na ninyi mnaishi juu: Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, Njoro iko juu zaidi, na mionzi ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ubaridi wa Njoro hudanganya watu wakadhani jua lao ni la upole. Watu wenye ualbino katika nchi zetu hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, na sehemu kubwa ya saratani hiyo ingezuilika.

Hata hivyo kinga iliyo bora zaidi haina gharama ya kila mwezi. Ni nguo: sketi ndefu, mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, na kofia yenye ukingo mpana inayofunika masikio na shingo, kwa kuwa kofia yenye ukingo wa mbele tu huyaacha masikio nje. Zungumza na mwalimu mkuu ili sare yake iruhusiwe kuwa hivyo, gwaride na michezo vifanywe mapema asubuhi, na kati ya saa nne na saa kumi akae kivulini kadiri inavyowezekana. Mafuta ya kujikinga, yenye SPF, yaani kipimo cha nguvu ya kukinga jua, ya 30 au zaidi, yatahitajika usoni na mikononi tu, yapakwe upya kila baada ya saa mbili, na hapo chupa moja itakaa. Kabla ya kununua, uliza katika ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu iliyo katika kaunti yako, kwa sababu baraza hilo lina mpango wa kuwapa watu wenye ualbino mafuta haya kupitia hospitali za umma. Umkague ngozi unapomwogesha, na kidonda chochote kisichopona kwa wiki nne kionwe na daktari.

Swali: Mtoto wangu wa miezi mitano ana ukurutu mashavuni na kwenye mikunjo ya mikono. Shangazi yake amenipa mafuta ya mwarobaini nimpake na kumnywesha matone machache, pamoja na balmu ya mmea wa hapa Kakamega. Nifuate?

Jibu: Usimnyweshe, mama, hata tone moja. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na kuwaharibu ini, na hili halimvunjii shangazi heshima, maana majani ya mwarobaini kwa mtu mzima ni habari nyingine. Balmu nayo iweke mbali: mmea unaotumiwa karibu na Msitu wa Kakamega, jamii ya mrehani, una kafuri nyingi, na kafuri haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Mwogeshe kwa muda mfupi katika maji ya uvuguvugu, sabuni iwe kidogo na isiyo na manukato, kisha kabla ngozi haijakauka mpake mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu, na urudie mara kadhaa kwa siku. Ngozi ikianza kutoa majimaji au ukoko wa njano, mpeleke kliniki.

Swali: Nina mimba ya miezi minne, naishi Nyalenda, Kisumu, na hamu ya odowa, ule udongo wa kula, hainiachi. Wanasema udongo huo una madini na humpa mtoto ngozi nzuri.

Jibu: Odowa haimpi mtoto ngozi. Hamu hiyo huja mara nyingi pamoja na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huweza kunasa chuma tumboni kisifyonzwe, mbali na kuweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi yenye sumu. Siku ya kliniki mwambie muuguzi wazi kwamba unaula, akupime damu, na umeze vidonge vya chuma na asidi ya foliki utakavyopewa, ila usiviteremshe kwa chai.