Umepunguza taa, hujapunguza udhibiti

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika jaribio la kisaikolojia la kompyuta. Mshiriki akibonyeza kitufe, taa ya kijani huwaka kwenye skrini mara 75 katika kila 100; asipobonyeza, haiwaki. Kundi la pili nimelishushia hadi mara 25 ili wahisi hawana udhibiti. Wanatoka wamenuna, lakini wakiulizwa kuhusu udhibiti hawajipi alama za chini kama nilivyotarajia. Nibadilishe nini?

JIBU: Marahaba. Kwenye programu yako taa haiwaki kabisa mtu asipobonyeza. Kwa hiyo hata yule aliyeona taa chache anajua kila moja aliiwasha yeye mwenyewe. Kununa kwao ni kwa sababu wanakosa, na kukosa ni jambo jingine. Ukiendelea hivi, hutajua kama matokeo yako yameletwa na udhibiti au na huzuni ya kushindwa.

Udhibiti uko kwenye tofauti: uwezekano wa taa kuwaka mtu akibonyeza, toa uwezekano wa kuwaka asipobonyeza. Kundi lako la pili lina 25 toa 0. Bado wanaidhibiti taa, ingawa kwa kiasi kidogo. Unachotakiwa kugusa ni ile sifuri.

Ila usikimbilie 75 kwa 75, yaani 75 akibonyeza na 75 asipobonyeza. Hesabu itakupa sifuri, lakini washiriki hawatahisi hivyo. Wanasaikolojia Alloy na Abramson walionyesha mwaka 1979 kwamba taa ikiwaka mara nyingi, watu wasio na sonona hudai wanaidhibiti hata pale ambapo kubonyeza hakubadilishi chochote. Nami nimeliona hilo kwa macho yangu: mshiriki mmoja alianza kubonyeza mara mbilimbili, akaniambia kwa furaha kwamba ameshaijua siri ya taa. Siri haikuwepo. Tangu siku hiyo programu zangu hupokea mbonyezo wa kwanza tu katika kila raundi.

Mimi ningefanya hivi. Kundi la kwanza lipe 75 likibonyeza na 25 lisipobonyeza. Kundi la pili 50 kwa 50. Chukua raundi 40, mtu abonyeze 20 na kuacha 20. Wa kwanza ataona taa 15 na 5, jumla 20. Wa pili ataona 10 na 10, jumla 20 vilevile. Taa ni sawa, udhibiti ni tofauti.

Hesabu hiyo huvurugika mtu akibonyeza mno, na watu hupenda kubonyeza. Akibonyeza raundi 36, wa kundi la kwanza atapata taa kama 28, na mwenzake atabaki na 20. Tena asiyeacha kubonyeza hawezi kujua taa ingefanya nini bila yeye. Waeleze mapema kwamba ni vizuri waache karibu nusu ya raundi. Kinga iliyo imara zaidi ni kuwaunganisha kwa jozi: hifadhi mfuatano wa taa za mshiriki wa kundi la kwanza, kisha umchezeshee mwenzake mfuatano uleule, abonyeze asibonyeze. Wanasaikolojia Seligman na Maier walitumia wazo hilo kwa mbwa mwaka 1967: mmoja aliweza kuuzima umeme, wa pili akapata umeme uleule bila njia ya kuuzima.

Unaweza pia kuchelewesha taa, lakini hapo unapunguza hisia tu. Udhibiti wenyewe unabaki. Kama ndilo swali lako, badilisha mchelewesho kila raundi, kwa sababu ule usiobadilika watu huuzoea. Na kumbuka skrini ya hezi 60 hubadilika kila milisekunde 16.7, basi usipange hatua ndogo kuliko hiyo.

Angalia na maswali yako. Uliza, “Kubonyeza kwako kulibadilisha kuwaka kwa taa kwa kiasi gani, 0 hadi 100?” Swali la “Umefanya vizuri kiasi gani?” liweke peke yake, na la hali ya moyo vilevile. Uliza baada ya kila raundi 10, maana mtu akiulizwa mwishoni hukumbuka zaidi raundi za mwisho. Alama za udhibiti zikishuka na hizo nyingine zikatulia, umelipata ulilotaka.

Kabla mshiriki wa kundi la pili hajaondoka, mwambie wazi kwamba taa haikumtegemea yeye. Mwonyeshe faili ya mfuatano kwenye skrini ajionee. Wengine huwa wameshajilaumu, na ni haki yao waondoke bila mzigo huo.