Trela ya bei chee ndani ya paki: usilipe kabla hujafika ofisini

Mkuu, shika kwanza hiyo hela. Umesema umepata trela ya kuishi, ya mwaka 1984, nje ya Houston, Texas, kwa dola 4,000, muuzaji anakuharakisha, na unataka kujua uweke sakafu gani, upake rangi gani, na kama 6,000 zitatosha kukarabati ili uiuze. Sakafu baadaye. Trela imekaa kwenye kiwanja cha mtu, ndani ya paki, yaani eneo la nyumba-trela ambako nyumba ni yako ila kiwanja unakodi. Mbona kwenye maelezo yako yote sijaona popote kwamba umeongea na ofisi ya paki?

Mimi niliingia hivyohivyo. Muuzaji mpole, ananiita kaka, "wewe karabati tu, paki haina shida." Nikang'oa chipubodi ya chini ya sinki la jikoni, ilikuwa imevimba, ukiikanyaga inadidimia kama andazi lililolowa chai. Nikatoa yale mabomba ya maji ya plastiki ya kijivu, ya polibutilini, maana trela za miaka ya 80 zimejaa hayo na yakipasuka hayakupigii hodi. Nikaziba paa. Nyumba ikapendeza, nikapata wateja, familia ya Wakongo, pesa ipo tayari. Wakaenda ofisini kuomba kuhamia.

Meneja akatoa kanuni zake: nyumba kuukuu ikibadilisha mmiliki, hairuhusiwi kubaki. Yaani inayofukuzwa ni nyumba! Na muda wote niliokuwa napiga msasa huku najiona tajiri, kodi ya pango la kiwanja ilikuwa inasoma.

Kuhamisha je? Kibali cha barabarani, msafirishaji mwenye leseni, kufungua nanga zinazoishikilia ardhini na sketi (ukuta mwepesi unaoziba chini yake), kukata umeme na maji, halafu fundi mwenye leseni ya jimbo aje kuisimika upya huko iendako. Jumla ilizidi bei niliyonunulia pamoja na vifaa vyote. Tena iende wapi? Paki nyingine ukiwatajia mwaka wa nyumba, simu inakatika. Mwishowe nikamwachia mtu mwenye shamba lake, kwa bei ambayo nyumbani kwangu mpaka leo inatajwa kwa mafumbo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yule muuzaji alishapewa barua ya paki kwamba nyumba haitabaki akiiuza, kabla hajaniona. Ndiyo maana bei ilikuwa chee na yeye ana haraka. Na hawa makocha wa video, "nunua kwa elfu tatu, uza kwa elfu kumi na tano", hela yao inatoka kwenye kozi. Paki wanaitaja kwa pumzi moja halafu wanarudi kwenye rangi za makabati.

Kwa hiyo nenda ofisini wewe mwenyewe, bila muuzaji. Uliza kama trela itaruhusiwa kubaki ukiiuza, mnunuzi wako wanampitisha kwa vigezo gani, na kama kuna kodi ya kiwanja inayodaiwa. Majibu yote yaandikwe na yasainiwe. Meneja akikwambia "usijali", mwambie asaini hiyo usijali yake, maana akihamishwa anaondoka nayo. Akikataa kuandika, geuza gari.

Ukishapata karatasi, tafuta lebo nyekundu ya bati ya viwango vya serikali kuu, iko nje, kwenye ukuta wa mwisho wa nyumba. Nyumba za aina hii zilizotengenezwa tangu 15 Juni 1976 zinatakiwa kuwa nayo. Chukua namba yake, ingia kwenye kumbukumbu za TDHCA (idara ya nyumba ya jimbo la Texas) mtandaoni, uone jina la mmiliki na kama kuna deni la kodi ya serikali limening'inia. Jina lisipokuwa la huyo anayekuharakisha, unajua cha kufanya. Na usije ukanogewa ukauza ya pili ndani ya miezi kumi na miwili bila leseni, Texas hawachekeani kwa hilo.

Uliuliza rangi: nyeupe. Hayo mengine njoo na barua ya ofisi tuongee.